Barua kwa mwanangu anayetaka kwenda baharini

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, sisi huku Mombasa hatujambo sote, na tunamshukuru Mola kwa afya. Barua yako nimeipata na nimeisoma kwa utulivu. Umenieleza kwamba baada ya kumaliza masomo yako ya ubaharia Dar es Salaam umepata nafasi ya kuwa kadeti, yaani afisa mwanafunzi, katika meli ya makontena inayozunguka Rasi ya Tumaini Jema ili kuepuka Bahari ya Shamu. Kisha umeniuliza kama wazee wetu waliovuka bahari kwa tanga walikuwa na ujasiri ambao ninyi mnaoongozwa na satelaiti hamnao, na kama hofu inayokujia usiku ni dalili kwamba kazi hii hukuandikiwa. Nimefundisha historia kwa miaka mingi, na babu yako alikuwa baharia wa majahazi kabla hajashuka na kukaa nchi kavu, kwa hiyo nitakujibu kwa niliyoyasoma na kwa niliyoyasikia kwake.

Watu wengi huchora picha ya msafiri wa kale kama mtu aliyejitosa baharini bila kujali lolote, akapambana na mawimbi, na akafika kwa ushupavu wake. Picha hiyo siipendi, kwanza kwa kuwa haifanani na watu waliokuwapo, na pili kwa kuwa imewaua watu wengi walioiamini. Vyombo vya Arabuni, vya Ghuba na vya Bara Hindi vilikuja kwetu na kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini mashariki, baina ya Desemba na Machi, na vikarejea na kusi, upepo wa kutoka kusini, ikishashika mkondo wake, baada ya maleleji ya Aprili, pepo zisizo na mwelekeo baina ya misimu. Lakini kusi ikipamba moto, mwezi wa Juni na Julai, manahodha walisema bahari imefungwa, na bandari za magharibi mwa Bara Hindi hazikuwa zikipokea vyombo. Nahodha aliyechelewa alilazimika kukaa bandarini miezi kadhaa, akilisha watu wake kwa akiba iliyokuwa ikipungua, huku wenye shehena wakimkalia kooni. Kungoja huko kulihitaji moyo mgumu kuliko kutweka tanga.

Babu yako hakuwa mtu wa kusimulia mawimbi. Alichokuwa akikisimulia kwa fahari ni jinsi nahodha wake alivyokataa kuondoka Lamu, chombo kikiwa kimejaa boriti za mikoko za kupeleka Ghuba, kwa sababu rangi ya mawingu ya upande wa kusini haikumridhisha. Mabaharia wenyewe walinung'unika, mfanyabiashara akamwita mwoga mbele ya watu, naye akanyamaza, akaenda kusali, kisha akarudi kukagua kamba za foromali, ule mti unaoshikilia tanga, kana kwamba hakusikia neno. Babu yako alisema kuwa siku ile ndiyo aliyoamua kumfuata mtu yule popote.

Ushahidi ulioandikwa unamuunga mkono. Vasco da Gama aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498 akiwa na rubani aliyepewa na mfalme wa Malindi, na mwanzo wa kusi ukamfikisha pwani ya Bara Hindi kwa siku 23 tu. (Wengi humtaja rubani huyo kuwa ni Ahmad bin Majid, mwanachuoni mkubwa wa elimu ya bahari kutoka Julfar. Mimi siamini, na watafiti wengi wa leo pia hawaamini, lakini hilo si la kulijadili hapa.) Wakati wa kurudi, nahodha yule yule aliondoka mwanzoni mwa Oktoba, kaskazi haijaanza kuvuma. Safari ya siku 23 ikawa ya karibu miezi mitatu. Upepo ulikuwa ama haupo ama unawapiga usoni, maji ya kunywa yakapungua, kiseyeye kikawavimbisha ufizi mpaka wasiweze kula, na watu wapatao 30 wakafa katika kuvuka huko peke yake. Katika kila chombo walibaki saba au wanane wenye nguvu za kushika kazi. Walipofika upande wetu, Januari 1499, iliwabidi waichome moto meli yao moja, São Rafael, kusini mwa Mombasa, kwa sababu watu wa kuiendesha walikuwa hawapo tena. Bahari ilikuwa ile ile na mabaharia walikuwa wale wale, wala ujasiri wao haukuwa umepungua. Kilichobadilika ni kwamba safari ya kwanza walimsikiliza mtu aliyeijua bahari, na safari ya pili hawakuingoja kaskazi.

Kwa hiyo sikubali kwamba wazee wetu walikuwa na moyo wa aina nyingine. Walikuwa na elimu, na elimu hiyo ilikuwa ngumu kuipata. Walipima kimo cha nyota kwa kibao kidogo chenye uzi wa mafundo, walijua mabadiliko ya rangi ya maji karibu na mwamba, na walijua ndege gani hawalali mbali na nchi kavu. Wajenzi wa mitepe huku Lamu na visiwa vya Wabajuni walishona mbao kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, na ndani ya chombo namna hiyo kufua maji ya ngama, yaani kuteka na kumwaga maji yanayojikusanya chini ya chombo, ilikuwa kazi ya mchana na usiku. Bahari ikizidi, shehena ilitoswa, na deni la shehena likabaki shingoni mwa nahodha. Usisahau hilo la deni. Mabaharia wengi wa vyombo vya Ghuba walichukua karadha ya kuziachia familia zao kabla ya safari, na walirudi baharini mwaka baada ya mwaka kwa sababu hesabu haikuisha. Na kuna waliovuka bahari hii yetu wasioulizwa kabisa, waliofungwa ndani ya majahazi kutoka Kilwa na Unguja kupelekwa utumwani Arabuni na kwingineko, ambao hatari ya safari kwao ilikuwa kubwa kuliko ya mtu yeyote humo chomboni. Tunapowasifu wasafiri wa kale, haki inatutaka tuwakumbuke na hao, maana kustahimili kwao ni nadra kuandikiwa kitabu.

Sasa nije kwenye njia yako wewe. Kusini mwa Durban, mkondo wa Agulhas hushuka kwa kasi kuelekea kusini magharibi, na dhoruba za bahari ya kusini huusukumia mawimbi kutoka upande wa pili. Mawimbi hayo yakikutana na mkondo hufupika, husimama wima, na yanaweza kuivunja hata meli kubwa. Hapo ndipo ilipopotea Waratah mwezi wa Julai 1909. Ilikuwa meli mpya, ilitoka Durban kwenda Cape Town ikiwa na watu 211, ikasalimiana na meli nyingine siku ya pili, na tangu hapo haijaonekana kwa uhakika, wala mabaki yake hayajapatikana. Jambo linalonifanya niikumbuke ni abiria mmoja, mhandisi Claude Sawyer, aliyekuwa na tiketi ya kufika Cape Town lakini akashuka Durban. Njiani alikuwa ameona kwamba meli ikilala upande mmoja inachelewa mno kuinuka, akaeleza wasiwasi wake, na akaamua kupoteza nauli yake. Abiria anayeshuka chomboni kwa sababu ya wasiwasi huchekwa. Nadhani naye alichekwa.

Miaka mia moja na miwili baadaye msiba wa namna hiyo ulitokea kwetu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba. Ilikuwa na ruhusa ya kuchukua watu wasiofika 700, na tume iliyochunguza ilikuta kwamba walipanda zaidi ya 2,000. Wewe ulikuwa bado mdogo, lakini utakumbuka nyumba za jirani zilizokuwa na matanga. Usiku ule hapakuwa na kimbunga wala maharamia. Kulikuwa na watu waliouza nafasi isiyokuwapo, na shehena iliyopakiwa juu ya shehena, na maofisa walioiacha meli ing'oe nanga katika hali ile. Kuna abiria walioiona hali hiyo bandarini wakakataa kupanda. Hao ndio ninaowahesabu kuwa majasiri wa usiku ule pamoja na wale walioogelea wakiwa wameshika watoto wa wenzao juu ya magodoro, kwa sababu kukataa mbele ya umati unaosukumana kupanda, ndugu zako wakikungoja Pemba na tiketi ikiwa mkononi, ni jambo zito.

Utaniambia kwamba hiyo ilikuwa feri kuukuu, na kwamba meli yako ina rada, dira ya satelaiti na utabiri wa hali ya hewa kila saa. Ndiyo maana nataka uisome habari ya El Faro, kama chuoni hamkuisoma. Ilikuwa meli ya mizigo ya Marekani, iliyoundwa mwaka 1975, na tarehe 1 Oktoba 2015 ilizama karibu na visiwa vya Bahamas katika kimbunga Joaquin pamoja na watu wake wote 33. Mwaka uliofuata kinasa sauti cha chumba cha usukani kilitolewa chini ya bahari, kwenye kina cha zaidi ya mita 4,000, na mazungumzo ya saa 26 za mwisho yakasikika. Nahodha alikuwa akitegemea ramani za hali ya hewa zilizomfikia kwa barua pepe, ambazo data zake zilikuwa zimeshapitwa na saa nyingi, wakati taarifa mpya zaidi zilikuwa zikiingia kwa mtambo mwingine mle mle ndani. Afisa wa tatu alimpigia simu chumbani kwake kumweleza kuwa kimbunga kinasogea kwenye njia yao. Baada ya saa ya usiku wa manane, afisa wa pili, mwanamke, akampigia tena na kupendekeza waelekee kusini, mbali na kimbunga. Akaambiwa aendelee na njia. Akaendelea.

Nimeyafikiria sana mazungumzo hayo, na naomba uyafikirie nawe, kwa sababu siku moja utakuwa umeshika zamu usiku na nahodha amelala. Maofisa wale walikuwa wameiona hatari. Elimu walikuwa nayo na vyombo vya kuwaonyesha walikuwa navyo. Kilichokosekana ni mahali ambapo sauti ya mdogo inapokewa kwa uzito wake, na wachunguzi walilisema hilo waziwazi: nahodha alipaswa kuwasikiliza, na maofisa walipaswa kusema kwa nguvu zaidi. Sisi tumekulea kwa adabu, umezoea kumwambia mkubwa jambo mara moja na kwa kuzungukazunguka, na akinyamaza nawe unanyamaza. Nyumbani adabu hiyo naipenda. Katika chumba cha usukani, ukiona meli inakwenda pabaya, nakuruhusu mimi mama yako uiweke kando: sema kwa maneno mafupi, taja namba, taja saa, pendekeza njia, na usiposikilizwa sema tena, umwombe aje aone kwa macho yake. Heshima yako kwake itabaki pale pale.

Hatari nyingine za siku hizi hazitoki kwenye upepo, na kwa hizo wazee wetu hawana la kutufundisha sana. Juni 2005 meli ndogo iitwayo Semlow, iliyobeba mchele wa Mpango wa Chakula Duniani kutoka Mombasa kupelekea Wasomali waliokumbwa na tsunami, ilitekwa na maharamia, na mabaharia wake, wengi wao Wakenya, walishikiliwa kwa siku zipatazo 100. Tangu Novemba 2023 meli zimeshambuliwa kwa makombora katika Bahari ya Shamu na Ghuba ya Aden, na Machi 2024 mabaharia watatu wa True Confidence waliuawa, watu ambao hawakuwa na ugomvi na yeyote. Nashukuru kwamba mwenye meli yako ameamua kuzunguka, ingawa safari inarefuka. Mwaka 2020, bandari zilipofungwa kwa sababu ya Korona, mabaharia wapatao 400,000 walikwama melini baada ya mikataba yao kwisha, wengine kwa zaidi ya mwaka mzima, dunia nzima ikiendelea kula na kuvaa vitu walivyobeba. Na kila mwaka wapo wanaotelekezwa: mwenye meli anafilisika au anajificha, mshahara unakatika, chakula kinakwisha, na watu wanabaki kwenye nanga wakitazama taa za mji wasioruhusiwa kushuka.

Kwa hayo kuna ngao, nayo ni karatasi, kwa hiyo isome karatasi kama unavyoisoma ramani. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ulioanza kutumika Agosti 2013, unakataza wakala kukutoza fedha za kukutafutia kazi. Anayekudai ada ya nafasi, hata akiiita kwa jina zuri, mkimbie. Unakupa haki ya kupumzika si chini ya saa 10 katika kila saa 24, na ya kurudishwa nyumbani kwa gharama ya mwenye meli. Tangu Januari 2017 meli inatakiwa ibandike mahali pa wazi hati ya bima ya mabaharia kutelekezwa. Siku ya kwanza ukipanda, itafute hati hiyo na usome tarehe ya mwisho wake. Ukikaa miezi miwili bila mshahara, sheria inakuhesabu kuwa umetelekezwa, na bima hiyo inawajibika kulipa mshahara wako hadi wa miezi minne pamoja na safari ya kurudi. Usingoje mwezi wa sita kwa kuona haya.

Tena wewe ni mwanamke. Mwaka 2021 mashirika ya wenye meli yalikadiria kwamba wanawake ni kama asilimia 1.28 tu ya mabaharia wote duniani, kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa kuwa utakuwa peke yako katika meli nzima. Marekebisho ya mkataba huo yaliyoanza Desemba 2024 yanataka kila baharia apewe vifaa vya kujikinga vinavyomtosha, na wanawake wametajwa humo. Jaribu koti la kuokolea na suti ya maji baridi kabla meli haijang'oa nanga, na kama havikukai sawasawa, dai vingine hapo hapo. Mlango wa chumba chako uwe na kufuli inayofanya kazi. Mtu akikuvunjia heshima, andika tarehe na saa, mpelekee nahodha, na unieleze mimi.

Ama ile hofu yako, mwanangu, nisingependa ikuondoke. Babu yako aliogopa kila safari, na alisema hivyo bila kuona aibu. Aliyekuwa haogopi, babu yako hakupenda kushika naye zamu moja. Wahenga walisema bahari haishi zinge, yaani haitulii kamwe, na anayelijua hilo hawezi kulala fofofo. Lakini hofu yako uipe kazi. Ikikuambia meli imelala upande, nenda ukapime. Ikikuambia makontena hayakufungwa sawasawa, shuka ukayakague. Ikikuambia ushuke bandarini kama Sawyer, na umeshapima na kukagua na majibu hayakukuridhisha, shuka, nami nitakutumia nauli ya kurudi na sitakuuliza swali. Lakini kama hofu hiyo haina inachokionyesha, ni ile tu ya kuwa mbali na kwenu katikati ya maji mengi, basi hiyo ni ya kila aliyewahi kupanda chombo, wala haikukatazi kwenda.

Mimi nami ninaogopa. Mama yangu alikaa misimu mingi akihesabu miezi ya kusi, hakuna simu wala barua, na chombo kikichelewa hakuna aliyeweza kumwambia kama kimekawia Maskat au kimezama. Alifuma ukili, akatulea, na hakuwahi kumwambia mumewe asiende. Wewe utaweza kunitumia ujumbe kutoka katikati ya bahari, na hilo ni jambo ambalo yeye angelitolea sadaka.

Ukiamua kuikubali nafasi hii, radhi zangu unazo, na baba yako amesema vivyo hivyo. Kabla hujatia saini, nitumie jina la meli na namba yake ya IMO, Shirika la Kimataifa la Bahari, ile ya tarakimu saba ambayo haibadiliki hata meli ikibadilishwa jina na bendera, pamoja na nakala ya mkataba, kurasa zote. Mjomba wako anamjua mtu bandarini atakayeangalia kama meli hiyo imewahi kuzuiliwa na wakaguzi na kwa kosa gani. Majibu yakija nitakupigia siku hiyo hiyo.

Wadogo zako wanakusalimu sana.

Wasalaam,
Ni mimi mama yako.